Kitabu Kilichokaliwa Rebenau

Baba yangu alikuwa na kipaji cha kufukuzwa. Mji wa kwanza ulimfukuza kwa sababu moshi wa risasi aliyokuwa akiyeyusha kutengenezea herufi za kuchapia uliwakohoza watawa katikati ya sala. Mji wa pili ulimfukuza kwa sababu watu walisema binadamu hawezi kutoa kurasa hamsini zinazofanana kama mayai bila msaada wa shetani, na Baba, badala ya kufunga mdomo, akawajibu kwamba shetani mwenyewe asingeweza kuzinyoosha herufi vile. Tukapakia mkokoteni. Mashine yetu ya kuchapia ikabaki huko, na nasikia waliipasua wakachomea soseji.

Kwa hiyo tulipoingia Rebenau mwaka ule wa 1473, nikiwa na miaka kumi na tisa na mgongo uliochoka kubeba masanduku ya herufi, nilimwambia wazi: "Baba, wakikufukuza hapa, utahama na paka. Mimi nabaki."

"Hawatanifukuza, Otilia. Hawa ni watu wa divai. Watu wa divai wana roho nzuri."

Alisahau kwamba watu wa divai wana baraza la mji kama watu wengine. Baraza likamkalisha kwenye benchi, likamtazama vidole vyeusi, likampa sharti. Atoe kitabu kizima, kilichochapwa hapohapo Rebenau, kwa lugha tunayogombania bei sokoni na siyo Kilatini cha makasisi. Nakala mia na ishirini ziwe mezani kabla jua halijazama siku ya tatu baada ya sikukuu ya Msalaba ya Septemba. Akiweza, atakuwa raia, na duka lake litakuwa duka la mji. Akishindwa, mkokoteni uleule, barabara ileile.

"Rahisi," Baba akasema. Hatukuwa na mashine, lakini rahisi.

Ila Rebenau walikuwa na shinikizo la divai. Lilisimama kwenye banda kubwa karibu na uwanja, mali ya mji mzima, na parafujo yake ya mwaloni ilikuwa nene kuliko kiuno changu. Mwaka mzima halikuwa na kazi, kuku wanalala juu yake, mpaka msimu wa kukamua zabibu. Baba alilitazama kama wanaume wengine wanavyotazama bibi harusi. Parafujo inayoshuka na kubana kitu ndiyo hiyohiyo, iwe inabana zabibu au karatasi. Akaomba, akakubaliwa, kwa maneno haya ya Bwana Eberwin, mkuu wa shinikizo: "Litumie, Fundi Wendel. Lakini kengele ikilia, ni la zabibu. Hata askofu akiwa amebanwa humo, tutamtoa."

Rebenau hakuna anayechuma zabibu hata moja kabla ya kengele ya mavuno. Hata mgonjwa. Hata mjamzito. Bwana Eberwin ndiye anayepita mashambani akionja, na siku akiridhika anapanda mnarani na kuivuta kamba. Kwa kawaida hufanya hivyo wiki mbili baada ya Msalaba, kwa hiyo tulijiona tuna nafasi ya kupumua. Tukachapa. Kilikuwa kitabu kidogo cha sala, pamoja na siku nzuri za kuumikwa damu na siku ambazo ukiumikwa utakufa. Mimi nilipanga herufi, Baba akavuta parafujo. Majira yote ya joto tulinuka vibaya, maana matufe ya ngozi ya kupakia wino hulowekwa kwenye mkojo yasikauke, na kwetu hakuna mkojo uliopotea bure.

Ila mwaka ule jua lilikuwa na wazimu. Mto ulipungua mpaka bata wakatembea. Na asubuhi ya siku yenyewe ya mwisho, ukurasa mmoja tu ukiwa umebaki, tukasikia: ngwaa! ngwaa! ngwaa!

Baba alishika kichwa. Nje watu walikuwa tayari wanakimbia na vikapu, wanaimba, wanaangushana.

Bwana Eberwin aliingia bandani. Tumbo lake liliingia kwanza, halafu pakapita kimya kidogo, halafu akaingia yeye.

"Fundi Wendel, toa makaratasi yako. Zabibu zinakuja."

"Bwana Eberwin, ukurasa mmoja tu! Mistari tisa! Nipe mpaka adhuhuri."

"Kengele imelia."

"Nani kailiza?"

"Mimi."

"Basi irudishe!"

"Niirudishe vipi, niimeze?" Akawageukia vijana wake. "Wasaidieni kutoa vitu. Taratibu, msije mkashika hizo ngozi za mkojo."

Kabla hatujamaliza kubishana, tulikuwa uani, chini ya kipaa cha mapipa, pamoja na bamba letu la jiwe, karatasi zilizoloweshwa, na fremu ya chuma iliyobana mistari yetu tisa. Sita ya kwanza ilikuwa mwisho wa sala ya Mtakatifu Urbano, mwenye kulinda mizabibu. Mitatu iliyobaki ilisema hivi: Kitabu hiki kimechapwa mjini Rebenau na Wendel Rauscher, mwaka wa Bwana 1473. Hakuna kitabu duniani kilichokuwa na jina la Rebenau mwishoni. Baba alikuwa ameisoma mitatu hiyo mara nyingi mno, nikamwambia atazimaliza herufi kwa macho.

"Tutapiga kwa nyundo," akasema sasa.

Tukaweka karatasi juu ya herufi, ubao juu ya karatasi, akapiga kwa nyundo ya mti. Ukatoka ukurasa uliojaa alama kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Tukajaribu kusugua kwa mgongo wa kijiko. Ulitoka vizuri kidogo, lakini mmoja ulichukua muda wa kusali rozari nzima. Nikahesabu kwa vidole: kwa mwendo ule tungemaliza Jumatano.

Hapo ndipo Walpurga alipotuona. Walpurga alikuwa kiongozi wa wakanyagaji, wanawake watano wanaoingia kwenye pipa kubwa na kuzipondaponda zabibu kwa miguu kabla ya kubanwa. Walikuwa wanapumzika, sketi zimefungwa kiunoni, miguu ya zambarau mpaka magotini, na kila mmoja alishakunywa kidogo ili ajue anachokanyaga.

"Otilia! Mnaponda nini hapo, nyama?"

"Tunachapa kitabu, dada."

"Kwa kijiko? Na kurasa zikiiva mtazila?" Wenzake wakaangua kicheko. "Hebu tupisheni. Kazi ya kushindilia tunaijua sisi tangu mama zetu. Weka ubao!"

Baba akasita. Nikaweka ubao. Mpiga zeze wao akaanza wimbo, wanawake watano wakashikana mabega, wakapanda, wakaruka. Moja, mbili, tatu, mapipa yakitetemeka, kuku wakikimbia. Waliposhuka nikainua karatasi.

Kila neno lilikuwa limejichapa mara tatu, moja kulia, moja kushoto na moja likielea katikati.

"Mbona safi," Walpurga akasema akiisogeza usoni.

"Walpurga, Mtakatifu Urbano ana vichwa vitatu."

"Mimi namwona na kimoja."

"Kwa sababu wewe huona kila kitu mara tatu tangu asubuhi. Vimekutana."

Tulijaribu wanne, wawili, Walpurga peke yake. Hakuna aliyeweza kusimama bila kucheza, maana zeze lilikuwa bado linalia na mpigaji alikataa kunyamaza, eti siku ya kengele ni mwiko. Baba alikaa chini kwenye kikapu, akaufunika uso kwa mikono na kuufanya mweusi.

"Hawa ni wachezaji," akasema. "Nahitaji kitu kizito kinachoshuka mara moja na kutulia. Kitu kisicho na haraka. Kitu kisicho na muziki ndani yake."

Shingo zetu zote, yangu, ya Baba, za wanawake watano, ziligeuka polepole upande mmoja. Mlangoni mwa banda alisimama Bwana Eberwin, amevaa kanzu yake nyeupe ya kitani, anakula mkate wa vitunguu.

"Mnanitazamia nini?"

"Bwana Eberwin," nikasema kwa sauti ya asali, "umechoka kusimama. Karibu ukae."

Aliuona ubao, akaniona mimi, akaelewa. "We binti una adabu ya mbuzi! Mimi ni mkuu wa shinikizo! Siku ya kengele! Unataka nikae juu ya makaratasi kama kuku anayeatamia?"

"Sawa, Bwana. Basi tutaondoka. Kitabu cha kwanza kitatoka Kaltbrück."

Akaacha kutafuna. "Kaltbrück?"

Kaltbrück ni mji wa ng'ambo ya mto. Watu wa Rebenau hawautaji wakiwa na chakula mdomoni.

"Nao wana fundi wao, hukusikia? Wamefika ukurasa wa arobaini." Fundi walikuwa naye kweli. Ukurasa wa arobaini niliutunga mimi.

"Wale wanaotia maji ya mto kwenye divai?"

"Haohao. Mwishoni wataandika: kimechapwa Kaltbrück. Kitasomwa mpaka Mainz."

Bwana Eberwin aliangalia huku na huku. Akakabidhi mkate wake kwa Walpurga. "Mara moja tu," akasema. "Na muape nyote, hapa, kwa Mtakatifu Urbano, kwamba hakuna atakayeliambia baraza. Mkuu wa shinikizo akijulikana amekalia karatasi siku ya mavuno, nitaitwa jina hilo mpaka kaburini."

Tukaapa. Nikapaka wino. Baba akalaza karatasi, akaweka ubao. Bwana Eberwin akageuka, akainua kanzu kidogo kwa nyuma kama bibi anayeketi kanisani, akashuka.

Ubao ulilia. Kisha kukatulia.

"Simama," Baba akanong'ona.

Niliinua karatasi. Sijui niseme vipi. Herufi zilikuwa nyeusi, zimekaa wima, kila moja mahali pake, na jina Rebenau lilisimama katikati kama limetoka kuoga. Baba alitokwa na machozi.

"Bwana Eberwin," akasema, "nimekaa Mainz, nyumbani kwa uchapaji, miaka minane. Sijaona shinikizo linaloshuka hivi."

Bwana Eberwin alijitahidi kukasirika, akashindwa. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akasoma herufi mojamoja, midomo ikicheza. "Re-be-nau," akasema. Kisha akakohoa. "Zimebaki ngapi?"

Ikaanza ngoma. Mimi napaka wino kwa matufe mawili, pu pu pu. Baba karatasi, ubao. Walpurga, aliyekataa katakata kurudi kwenye pipa lake, anapiga kelele, "Kaa!" na mlima unashuka. "Simama!" na mlima unapanda. Mpiga zeze akagundua mwendo na kuufuata. Kwenye ya thelathini Bwana Eberwin akadai mkate wa vitunguu kila baada ya karatasi kumi. Kwenye ya sitini akadai na divai mpya. Vijana wake walikuja kuuliza kama waanze kubana zabibu za mtaa wa juu, akawajibu akiwa amekaa, kwa heshima zote za cheo chake, "Baneni, nina kikao." Wanawake walianguka mapipani kwa kucheka.

"Bwana, magoti vipi?" Walpurga akamuuliza kwenye ya tisini.

"Magoti yangu hayakuhusu. Kaltbrück wana mtu wa hivi?"

"Kaltbrück wote wamekonda, Bwana. Maji ya mto hayanenepeshi."

"Haya, weka karatasi!"

Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la kanisa tulipoingia mia na kumi. Sasa alikuwa amezoea kiasi kwamba hakungoja tena kuitwa. Na kwenye ya mia na kumi na nane, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kupaka wino, Baba bado anainua karatasi, hakuna ubao, hakuna kitu, Bwana Eberwin akageuka na kushuka moja kwa moja juu ya herufi.

Pwacha.

"Ya mia na kumi na nane," akasema kwa fahari, akasimama.

Herufi zetu hutengenezwa zikiwa zimegeuzwa, ili zikilaliwa zitoke zimenyooka. Zilikuwa zimelaliwa. Mistari yote tisa, kuanzia Urbano mpaka mwaka wa Bwana, ilisimama juu ya kitani cheupe, mahali papana kuliko ukurasa wowote tulionao. Niliuma mkono wa gauni langu. Walpurga akaanza kutoa sauti kama birika. Baba aliinama, akafumba jicho moja la kifundi, akaninong'oneza: "Mstari wa tisa umetoka vizuri kuliko kwenye karatasi."

"Nini?" akauliza Bwana Eberwin.

"Tunasema zimebaki tatu, Bwana."

"Mbona nilihesabu mbili?"

"Hiyo moja haikushika vizuri," nikasema, Mungu anisamehe. Tukamaliza tatu mbio. Kama tungemwambia angeenda kubadili nguo, na jua halikuwa na muda wa kumsubiri.

Tulikimbilia baraza na kurasa zikining'inia kwenye vijiti kama nguo za watoto. Zile nyingine zote zilikuwa zimeshakunjwa kwenye kapu. Bwana Eberwin naye alikuja, kwa kuwa ni mjumbe, akaketi upesi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Meya akashika nakala, akafungua, akatabasamu. Nikaanza kupumua.

Ndipo Bwana Notker, karani wa baraza, aliponyanyua kidole. Bwana Notker alinakili kila barua na kila sala ya mji ule kwa mkono wake, ukurasa kwa ukurasa, na alikuwa akitutazama tangu majira ya kuchipua kama paka anavyotazama paka mwingine.

"Swali dogo," akasema. "Kengele imelia asubuhi. Shinikizo limetolewa mikononi mwa huyu fundi asubuhi. Ni kweli, Bwana Eberwin?"

"Kweli," akasema Bwana Eberwin akitazama dari.

"Na ukurasa wa mwisho una wino mbichi. Umechapwa kwa chombo gani, basi? Kwa pua? Mimi nasema hizi kurasa zimetoka Mainz ndani ya pipa, na huyu leo amezipaka mafuta tu ili zing'ae. Sharti lilisema hapohapo Rebenau."

Meya akaacha kutabasamu. "Fundi Wendel, umechapa kwa kitu gani?"

Baba alifungua mdomo. Akamtazama Bwana Eberwin. Akaufunga. "Siwezi kusema, Bwana Meya. Nimeapa."

"Umeapa?"

"Kwa Mtakatifu Urbano."

Wajumbe wakanung'unika. Nilimtazama Bwana Eberwin, nikitumaini labda moyo utamsukuma. Aliendelea kuhesabu boriti za dari, masikio yamemwiva. Dirishani jua lilikuwa limebakiza ukucha. Meya akavuta karatasi ya uamuzi, akachovya kalamu, na nikauona mkokoteni wetu, nikaliona gurudumu lake la kushoto linalopiga kelele, nikamwona paka.

"Bwana Meya, samahani," nikasema. "Wino huu unaniwasha macho. Bwana Eberwin, tafadhali, ungetufungulia dirisha?"

Sijawahi kumwona mtu mnene akisimama kwa furaha vile. Mtu aliyekuwa anatafuta pa kukimbilia amepewa kazi. Aliinuka, akatugeuzia mgongo, akanyoosha mikono kwenye komeo.

Baraza lote likakodoa macho. Kisha Meya, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la mlangoni pa kanisa, akasoma: "Kitabu hiki... kimechapwa... mjini Rebenau..."

"Ndiyo, soma vizuri," akasema Bwana Eberwin akihangaika na komeo. "Herufi safi hizo."

"...na Wendel Rauscher..."

"Mbona sauti inatoka huku nyuma yangu? Kitabu si kiko mezani?"

Bwana Notker alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake. Alishika ukurasa mkononi, akainama nyuma ya mkuu wa shinikizo kwa umbali ambao mke wake asingeupenda, akalinganisha mstari kwa mstari. Akafika chini, akanyooka, rangi imemtoka.

"Hata ile herufi iliyopinda," akasema kwa unyonge, "imepinda palepale."

Hapo baraza likapasuka. Wazee wenye minyororo ya fedha kifuani walipiga meza, mmoja aliteleza kwenye benchi akabaki chini akicheka hukohuko. Bwana Eberwin aliuvuta upindo wa kanzu yake, akajaribu kujisoma, akazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta mkia.

"Otilia! Umeapa!"

"Niliapa kutosema, Bwana. Nimesema dirisha tu."

Meya alifuta macho, akaandika, akagonga muhuri, jua likiwa bado limeshika mstari mwembamba juu ya mashamba. Wendel Rauscher, raia wa Rebenau. Baba aliishika ile karatasi, akaipindua, akaangalia nyuma yake kama kuna sharti jingine. Halikuwepo. Akanitazama, na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko mto, nikamkumbatia tu.

"Sasa, Fundi," Meya akasema, "kitabu kinachofuata ni kipi?"

"Kikubwa zaidi, Bwana Meya!" Macho ya Baba yalishawaka. "Kurasa mia mbili! Nakala mia tatu! Ila tu zabibu bado zitakuwa kwenye shinikizo mpaka mwezi ujao, kwa hiyo huenda itabidi tena tumwombe..."

"Apewe mwaloni!" Bwana Eberwin alinguruma. "Leo hii! Mti mzima! Achongewe mashine yake mwenyewe, na gharama za seremala mji ubebe! Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Hata Bwana Notker aliinua mkono. Wakati tunashangilia, mkuu wa shinikizo wa Rebenau aliokota kofia yake, akatuinamia kwa heshima, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, akaendelea kinyumenyume kwenye ngazi, na kutoka dirishani tulimwona anauvuka uwanja wote hivyohivyo, huku Walpurga na wenzake wakitembea upande wa mgongo wake, wanasoma kwa sauti.